Utalii wa wenyeji kaskazini mwa Tanzania: maswali tunayoulizwa kila tunapofika kijijini

Maswali haya ya utalii unaoendeshwa na vijiji na jamii za asili hayakutungwa ofisini. Yameulizwa chini ya migunga, kwenye simu za saa tatu usiku, na mengine nyuma ya pikipiki kati ya Longido, Monduli, Karatu, Mbulu na Simanjiro. Mimi ni mratibu, si mwanasheria wala mhasibu. Kwa hiyo penye sheria nimeandika kile ambacho kijiji kinapaswa kukijua kabla hakijamwita mwanasheria.

"Jamii za asili" ni akina nani? Si sote ni wenyeji wa nchi hii?

Msimamo wa serikali ndio huo: hakuna kabila lenye uenyeji kuliko jingine. Septemba 2007 Tanzania ilipiga kura ya ndiyo kwa Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili, lakini haijaridhia Mkataba namba 169 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao ndio wenye meno. Watetezi wa haki, wakisema jamii za asili kwa upande wetu, kwa kawaida hutaja nne: Wahadzabe na Waakie, walioishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali, kisha Wamaasai na Wabarabaig, ambao ni wafugaji.

Mimi sibishani sana juu ya jina hilo la jumla. Ninachobishania ni majina tunayowapa watu mbele ya wageni. "Wamang'ati", wanavyoitwa Wabarabaig, ni neno la Kimaasai lenye maana ya maadui. "Wandorobo", wanavyoitwa Waakie, nalo limetoka kwa Wamaasai, wakimaanisha watu maskini wasio na ng'ombe. Waongozaji wengi hawalijui hilo, wanasema tu kwa sababu ndivyo walivyosikia. Basi mzee wa Kibarabaig anakaa nyumbani kwake, kwenye kigoda chake, anatambulishwa kwa Wajerumani kwamba huyu ni adui. Kabla ya kupanga bei yoyote, muulizeni kila jirani anataka kuitwa nani, na jibu liandikwe.

Kuratibu maana yake nini? Kila kijiji si kina mwenyekiti na mtendaji wake?

Kinao. Lakini gari la watalii halitoki kwa mwenyekiti, linatoka Arusha, na aliyeshika usukani ndiye anayeamua lisimame wapi. Vijiji vitano vilivyopangana kando ya barabara moja, kila kimoja na boma lake la wageni na bei yake, havina nguvu mbele ya dereva mmoja. Atasimama kwa anayempunguzia au anayempa kitu kidogo. Kesho yake kijiji cha pili kinashusha bei, keshokutwa cha tatu, mwishowe mnacheza ngoma saa nzima kwa hela ya kreti mbili za soda.

Kuratibu ni kuondoa mashindano hayo. Bei iwe moja, zamu ijulikane, simu ya kupokea wageni iwe moja, na kitabu cha kuwaandika kiwe kimoja. Mimi somo hilo nililipata kwa mbuzi wawili. Kundi la wageni 14 liliahidiwa vijiji viwili kwa mchana uleule, na kila upande ukachinja. Wageni walikula upande mmoja. Upande wa pili tulikula sisi, kimya kimya, mwenye mbuzi akiwa ametukalia mbele anatutazama tunavyotafuna. Tangu siku ile hachinjwi mbuzi mpaka mratibu athibitishe kwa maandishi.

Wazo lenyewe si geni. Katikati ya miaka ya 1990 shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, pamoja na Bodi ya Utalii Tanzania, lilianzisha programu ya utalii wa kitamaduni, na Longido na Mto wa Mbu ni miongoni mwa sehemu za mwanzo. Kila sehemu ilikuwa na mratibu, waongozaji wenyeji, na tozo ndogo ya kwenda kwenye mradi wa kijiji. Muundo ule bado ni mzuri. Udhaifu wake ninaoujua ni huu: mratibu akikaa miaka kumi bila kuulizwa hugeuka mwenye biashara, na kijiji hugeuka mandhari ya biashara yake. Kwa hiyo mratibu achaguliwe na wawakilishi wa vijiji vyote, kwa muda unaojulikana, na alipwe mshahara badala ya kamisheni. Mratibu wa kamisheni atawapeleka wageni kwa shemeji yake. Hata mimi ningefanya hivyo.

Tuanze na nini: kambi, loji, au boma la maonyesho?

Anzeni na karatasi za ardhi. Najua jibu hili linachosha, na kuna mikutano nimeona vijana wakinyanyuka na kuondoka nilipolitoa. Nitalirudia hapa hata hivyo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inaiweka ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji kama mdhamini tu. Mambo mazito huamuliwa na mkutano mkuu, yaani wanakijiji wote wenye miaka 18 na kuendelea. Sasa ulizeni: cheti cha ardhi ya kijiji kipo, na kiko kwa nani? Mpango wa matumizi bora ya ardhi umeshapitishwa? Malisho ya kiangazi yameandikwa kuwa malisho, au ramani inayaonyesha kama eneo tupu? Eneo ambalo mgeni wa mwezi wa pili analiona halina mtu ndilo ng'ombe wanalolikimbilia mwezi wa tisa.

Tazameni Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, wilaya ya Mbulu. Hawa ni watu wasiofika 1,500 wote kwa jumla, na ardhi yao ilikuwa ikimegwa na wakulima na wafugaji mwaka hata mwaka. Mwaka 2007 ulikuwapo mpango wa kulikabidhi bonde kwa kampuni ya uwindaji kutoka ng'ambo, ukaachwa baada ya kelele nyingi. Oktoba 2011, kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team la Arusha, walipata hati ya haki miliki ya kimila ya pamoja. Jambo la maana ni hilo neno "pamoja". Hati za kimila zilizoeleka kuwa za mtu au familia, lakini hii ilikuwa ya jamii nzima, kwa sababu mwindaji hana shamba la ekari tatu, ana bonde. Juu ya hati hiyo ndipo ikawezekana kuingia hata kwenye biashara ya kaboni, msitu unalipiwa kwa kubaki umesimama.

Na tazameni Loliondo, Juni 2022, kilomita za mraba 1,500 zilipowekewa vigingi na wafugaji wakaambiwa zimekuwa eneo la uhifadhi. Kesi zake zimefika hadi Mahakama ya Afrika Mashariki. Sitaingia kwenye siasa zake hapa. Nasema tu kwamba kijiji kinachojenga vyoo vya wageni kabla ya kujua mpaka wake kiko wapi kinajenga kwa matumaini.

Mwekezaji amekuja, ana pesa, anataka tumpe eneo. Tumpe?

Mwulizeni kwanza anataka kupewa nini: ardhi, au ruhusa ya kuitumia? Mgeni asiye raia hawezi kupewa ardhi ya kijiji moja kwa moja. Ili ipatikane kwa ajili ya uwekezaji, huhawilishwa iwe ardhi ya jumla, na ikishahawilishwa si ya kijiji tena. Wazee wengi husaini wakidhani wamekodisha. Uhawilishaji wa eneo lisilozidi hekta 250 unaidhinishwa na mkutano mkuu wenyewe. Zaidi ya hapo suala linapanda hadi kwa waziri. Kwa hiyo muhtasari wa mkutano una uzito kuliko hotuba zote za siku ile. Usomwe kwa sauti kabla ya kusainiwa, kwa Kiswahili na kwa lugha ya kijiji, na majina ya waliohudhuria yawe ya watu waliohudhuria kweli. Nimewahi kuona orodha yenye marehemu wawili.

Njia nyingine ni makubaliano ya matumizi: ardhi inabaki ya kijiji, mwenye kampuni analipa ili malisho yasilimwe na wanyama wapite. Terrat, wilaya ya Simanjiro, waliingia makubaliano ya aina hiyo na kampuni za utalii tangu miaka ya 2000. Nyumbu na pundamilia wa Tarangire huzalia kwenye mbuga zile wakati wa mvua, na ng'ombe wa Terrat hulisha palepale. Hakuna aliyehamishwa, wala hakuna kilichojengwa.

Kama moyo wenu bado uko kwenye loji, nendeni Il Ngwesi, Laikipia, kwa majirani zetu Wamaasai wa Kenya. Walifungua loji yao mwaka 1996, na inamilikiwa na jamii yenyewe. Lakini mkifika msiulize walijengaje. Ulizeni wanalipaje mishahara mwezi wa nne, wakati vyumba viko vitupu.

Tuingie WMA au ni mtego?

Inategemea mnatafuta nini. Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, ambayo kila mtu huiita WMA, ilitokana na Sera ya Wanyamapori ya 1998, na kanuni zake za kwanza zikatoka 2002. Vijiji vinatenga ardhi kwa pamoja, vinaunda jumuiya, na jumuiya inapewa mamlaka ya kunufaika na wanyama waliomo. Enduimet, chini ya Kilimanjaro upande wa Longido, ilianzishwa na vijiji tisa, na inalinda ushoroba wa Kitendeni ambao tembo hupita kati ya Kilimanjaro na Amboseli.

Faida yake ni nguvu ya pamoja: kampuni inazungumza na jumuiya moja, haizungumzi na wenyeviti tisa mmoja mmoja gizani. Hasara ni kwamba kutoka ni kugumu kuliko kuingia, na sehemu ya mapato hupita serikalini kabla ya kuwafikia. Kanuni za mwanzo zilitaka angalau nusu ya mapato ya jumuiya iende vijijini. Hapo ndipo ugomvi wa ndani unapoanzia: kijiji chenye loji tatu kinapata sawa na kijiji kisicho hata na njia ya gari. Burunge, kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, lalamiko hilo limesikika kwa miaka mingi. Mkitaka kuingia, gombaneni juu ya mgawo kabla ya kusaini. Ugomvi wa kabla ni mkutano, wa baada ni mahakama.

Pesa ipite wapi?

Isipite mkononi mwa mtu. Nasema hivi bila kumtuhumu yeyote. Lalamiko la zamani la maboma ya wageni ya Ngorongoro ni kwamba mgeni hulipa vizuri na boma hupata makombo, kwa kuwa kiingilio hukabidhiwa dereva, na dereva ndiye anayejua mgeni alitoa ngapi. Dereva naye ana hoja yake: ndiye aliyeleta wageni, na mshahara wake ni mdogo. Basi mlipeni kwa uwazi. Pangeni shukrani ya dereva, iandikwe ukutani pamoja na kiingilio, na wote waione, mgeni akiwemo. Ajabu ni kwamba madereva wengi wanapenda hivyo kuliko kuchukua kwa kujificha.

Kiingilio kilipwe kwa lipa namba ya kikundi au benki, na atakayelipa taslimu apewe risiti yenye nakala. Bei iandikwe kwa shilingi; kanuni za 2025 zimekataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni, na kwa vyovyote bibi anayeuza bangili hapaswi kuwa mtaalamu wa kubadilisha dola. Kila miezi mitatu, mkutano mkuu unapokaa, mapato na matumizi yasomwe. Yasomwe kwa majina ya vitu. "Matumizi mengineyo" lisiwe fungu kubwa kuliko dawa za zahanati.

Mtaji wa kuanzia? Halmashauri za wilaya hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kiwe kimesajiliwa, kina katiba na akaunti. Mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata kabla ya kumtafuta mfadhili wa Ulaya. Yuko karibu, na hahitaji andiko la kurasa arobaini.

Leseni tunahitaji?

Ndiyo. Biashara ya utalii iko chini ya Sheria ya Utalii ya 2008, na leseni yake ndiyo ile watu wanayoiita TALA. Kuna pia namba ya mlipakodi (TIN) ya Mamlaka ya Mapato (TRA) na usajili wa kikundi au kampuni. Viwango hubadilika, ulizeni mwaka huohuo.

Wanawake wanaingiaje? Sisi mambo ya wageni ni ya wanaume.

Nyumba ya Kimaasai hujengwa na mwanamke, kuanzia mti wa kwanza hadi samadi ya mwisho. Mgeni anapoinamishwa kichwa kuingia ndani, ameingia nyumbani kwake. Mara nyingi anayempokea, kueleza na kupokea fedha ni kijana wa kiume aliyejifunza Kiingereza mjini, na mama mwenye nyumba amekaa kwenye moshi hajui kinachosemwa. Pendekezo langu, ambalo limenipatia maadui kadhaa, ni kwamba fedha ya kuingia ndani ya nyumba iwe ya mwenye nyumba, kando ya kiingilio cha boma.

Shanga ni habari nyingine. Kila mama ana meza yake, wote wanauza kitu kilekile, na mgeni mmoja anavutwa na mikono kumi. Vikundi vilivyofanikiwa vimeweka duka moja, kila kazi ina kikaratasi chenye jina la aliyeishona, na bei haipunguzwi. Na mgeni akiuliza, mwambieni ukweli: shanga zenyewe nyingi hutoka Chekia. Ufundi ndio wenu, na ndio anaoununua.

Wageni wanataka kwenda kuwinda na Wahadzabe. Tuwapeleke?

Wafuate, wasiwinde. Wahadzabe wanaruhusiwa kuwinda kwa ajili ya chakula chao, na ruhusa hiyo haimhusu mtalii mwenye kamera na upinde wa kuazima. Zaidi ya hapo, msiahidi nyama. Asubuhi ambayo wanaume wamerudi na ndege mmoja, au mikono mitupu, ni asubuhi ya kweli, na akina mama waliochimba mizizi na watoto waliokula ubuyu wameishi siku nzima bila nyama hiyo.

Jambo zito zaidi ni pombe. Kambi zilizo karibu na barabara za Ziwa Eyasi zinapokea magari kila siku, taslimu inaachwa kambini saa nne asubuhi, na saa sita muuza pombe ameshafika. Wahadzabe wenyewe wamelisema hilo mara nyingi. Suluhisho lisiwe kuwanyima fedha kama watoto. Kaeni nao muulizane malipo yawe ya namna gani: sehemu ya unga, sehemu ya ada za shule na matibabu, sehemu mkononi. Na idadi ya magari kwa kambi moja kwa siku iwe na kikomo. Waongozaji wa Mang'ola, karibu na ziwa hilo, hawatapenda. Waulizwe na wao wangependa magari sita uani kwao kabla ya chai.

Njia ya Ziwa Natron ina mageti mengi, wageni wanalalamika. Tufanyeje?

Wana haki. Njia moja inapita wilaya zaidi ya moja, na kila mamlaka imeweka kizuizi chake, na risiti zinafanana kwa rangi tu. Wageni wanafika kijiji cha Engaresero wameshachoka kutoa pochi, wakati huko ndiko kwenye vitu: heroe ziwani, mlima Ol Doinyo Lengai unaopandwa usiku, na nyayo za binadamu zaidi ya 400 zilizogandamana kwenye majivu ya volkano maelfu ya miaka iliyopita, ambazo mwenyeji alizijua kabla ya wanasayansi. Hili kijiji kimoja hakiliwezi. Ni kazi ya vijiji kwenda pamoja kwa wakurugenzi wa wilaya na kuomba tozo ikusanywe mara moja na kugawanywa. Nimehudhuria vikao viwili vya namna hiyo, na vyote vilikwama kwenye swali la nani atakusanya. Naenda kwenye cha tatu.

Picha?

Ruhusa kwanza, kila mara, kutoka kwa mwenye sura. Jando, maziko na mgonjwa havipigwi picha hata kwa malipo.

Ngoma tunazochezea wageni saa saba mchana, si tunadanganya?

Mnadanganya pale mnaposema ni harusi. Semeni ni maonyesho. Kuna mzee aliniambia vijana wake wanaruka juu zaidi kwa wageni kuliko walivyowahi kuruka kwenye sherehe zenyewe, na hakuwa analalamika.

Vijana wetu hawajui Kiingereza.

Wanajua majina ya miti, dawa za mifugo, nyayo za fisi na za mbwa mwitu. Kiingereza cha kuongoza matembezi ya saa tatu kinajifunzwa kwa miezi sita, lakini msomi wa mjini hatajifunza majani yale kwa miezi sita. Anzeni kwa kuwapanga wawili wawili, mmoja wa lugha na mmoja wa porini, na wagawane sawa. Sawa kabisa, kwa sababu yule wa lugha ataanza kudai zaidi wiki ya pili.

Mkutano wa kwanza wa vijiji tuuite lini?

Baada ya mvua za masika, ng'ombe wakiwa wamerudi karibu na wanaume wapo nyumbani, na kabla ya Juni magari hayajajaa. Uwe saa nne, si saa mbili, akina mama wawe wameshateka maji. Chagueni kijiji cha katikati, si kile chenye barabara nzuri. Na msiuite siku ya mnada. Mwaka jana tuliuita siku ya mnada, wakaja watu tisa na mbuzi mmoja aliyekosa mnunuzi.